Eksirei ya kifua cha mwanafunzi haitoshi kuwekewa alama ya tiki

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka, wanafunzi wanapopangiwa shule za sekondari za bweni, hasa wale wa kidato cha kwanza na cha tano, wazazi hupokea maelekezo ya kujiunga ambayo ndani yake mna fomu ya uchunguzi wa afya. Katika shule nyingi fomu hiyo ina mstari mmoja unaodai picha ya kifua, na mbele ya mstari huo pana nafasi finyu ambamo mganga huandika "kawaida" au "si kawaida", hugonga mhuri, na mzazi huondoka ameridhika. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwamba nafasi hiyo finyu inapoteza karibu kila jambo ambalo eksirei ya kijana wa umri huo ingeweza kutuambia kuhusu kifua kikuu, na kwamba tangu mwaka 2022 hasara hiyo imekuwa kubwa zaidi, kwa sababu urefu wa matibabu nao sasa unategemea kile kilichoonekana kwenye picha.

Mimi ni mteknolojia wa mionzi mstaafu. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa mtu wa kumsimamisha mgonjwa mbele ya kaseti ya filamu ya eksirei, kumwambia avute pumzi na kuizuia, kisha kuipeleka picha kwa tabibu ambaye mara nyingi hakuwa na daktari bingwa wa radiolojia wa kumuuliza. Sidai kuwa na mamlaka ya kupanga tiba. Ninachokijua ni picha yenyewe: inavyopigwa, inavyoharibika, na inavyosomwa harakaharaka siku ambayo nje ya mlango wamejipanga wanafunzi wenye fomu mikononi.

Tatizo la kwanza ni umri. Shirika la Afya Duniani humhesabu kijana balehe kuwa mtu wa miaka 10 hadi 19, lakini kwa miongo mingi takwimu za kifua kikuu mara nyingi zilitolewa kwa kuwagawa watu mafungu mawili makubwa, yaani walio chini ya miaka 15 na waliotimiza miaka 15 au zaidi, hata mwanafunzi wa darasa la saba akaingia fungu moja na mtoto mchanga, na kaka yake wa kidato cha tatu akaingia fungu moja na babu yao. Tafiti kubwa za kitaifa zilizotumia eksirei kuwatafuta wagonjwa katika jamii, ya Tanzania ya mwaka 2012 hadi 2013 na ya Kenya ya mwaka 2015 hadi 2016, zote ziliwachukua watu wa miaka 15 na kuendelea. Watafiti waliojaribu kuziba pengo hilo walikadiria kwamba katika mwaka 2012 peke yake watu milioni 1.8 hivi wa umri wa miaka 10 hadi 24 waliugua kifua kikuu duniani. Hapa Afrika Mashariki, utafiti uliowahusisha vijana wapatao 5,000 wa miaka 12 hadi 18 huko Siaya, magharibi mwa Kenya, na mwingine wa aina hiyo mashariki mwa Uganda, ulionyesha kwamba ugonjwa umo miongoni mwa vijana ambao hakuna aliyekuwa amewagundua.

Umri una uzito kwa sababu kifua kikuu cha mapafu hakina sura moja katika picha. Mtoto mdogo anapovuta bakteria kwa mara ya kwanza, kwa kawaida hupata kidonda kidogo mahali fulani pafuni, ambacho mara nyingi hata hakionekani, na bakteria husafiri hadi kwenye tezi za limfu zilizo katika shina la pafu, pale mishipa ya damu na njia ya hewa vinapoingilia. Tezi hizo huvimba, na uvimbe wake ndio dalili kuu katika picha ya mtoto: kivuli kinachonenepesha shina la pafu, mara nyingi upande mmoja, na ambacho pengine huonekana vizuri zaidi katika picha ya ubavu kuliko katika ile ya mbele. Bakteria wake ni wachache, makohozi ni ya shida kupatikana, na kwa kawaida haambukizi sana wenzake.

Kwa mtu mzima mambo ni kinyume. Ugonjwa wake hupenda sehemu za juu za mapafu, kileleni na nyuma ya kilele, pamoja na sehemu ya juu ya kipande cha chini cha pafu. Huanza kama mawingu meupe yasiyo na mipaka, nyama ya pafu ikaoza katikati, likabaki tundu lenye hewa ndani na ukuta mnene kuzunguka, kisha bakteria wakamwagika kupitia njia za hewa na kuacha madoa madogo madogo mahali pengine katika pafu hilo au la pili. Tundu la namna hiyo hubeba bakteria wengi kupindukia, na mwenye nalo, kila anapokohoa, huwatoa hewani. Ndiyo maana tundu katika kifua cha mwanafunzi wa bweni ni habari tofauti kabisa na tezi iliyovimba katika kifua cha mdogo wake aliyebaki nyumbani, ingawa katika fomu vyote viwili vitaandikwa "si kawaida".

Kijana balehe anapita kutoka sura moja kwenda nyingine, na anaweza kuwa nazo zote kwa wakati mmoja. Daktari wa watoto wa Sweden, Arvid Wallgren, aliyechapisha mwaka 1948 maelezo ya mpangilio wa wakati ambao kifua kikuu huufuata baada ya maambukizi, alikwisha kuonyesha kwamba ugonjwa wa mapafu wa aina ya watu wazima ni nadra kwa watoto wadogo na huanza kuwa wa kawaida karibu na balehe. Tafiti za baadaye, zikiwamo za Cape Town za mwanzoni mwa karne hii, zimethibitisha hivyo: kati ya miaka 5 na 10 ugonjwa hupungua sana, halafu kuanzia karibu miaka 10 hupanda tena, na unapopanda huja na matundu. Kwa wasichana mgeuko huo huja mapema kuliko kwa wavulana, karibu na wakati wa kuvunja ungo, na sababu yake bado inajadiliwa na wataalamu. Kwa hiyo katika rundo la picha za vijana wa miaka 10 hadi 19 utakuta mmoja mwenye mawingu na tundu kwenye kilele cha pafu la kulia kama mzee wa miaka 50, mwingine mwenye tezi zilizovimba tu kama mtoto wa miaka mitatu, na wa tatu, ambaye ndiye humchanganya msomaji asiye mzoefu, mwenye tundu juu na tezi katikati. Anayesoma kwa macho ya mtoto atalitafuta shina la pafu na kulikosa tundu lililojificha nyuma ya mtulinga, yaani mfupa unaotoka chini ya shingo hadi begani. Anayesoma kwa macho ya mtu mzima atakitazama kilele, akikiona safi ataandika kawaida, na tezi zitapita.

Sura nyingine inayowapata sana vijana wa umri huu ni maji kati ya tabaka mbili za utando unaolizunguka pafu. Mara nyingi huwa upande mmoja, hutokea miezi michache baada ya maambukizi, na kijana hulalamika kuchomwa ubavuni anapovuta pumzi pamoja na homa, wakati mwingine bila kukohoa makohozi yoyote. Katika picha ya mbele ya mtu aliyesimama, maji hayo huziba kwanza kona kali iliyo kati ya mbavu na kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, lakini yanahitaji kufikia kama mililita 200 ndipo kona hiyo ionekane butu. Machache kuliko hayo huonekana katika picha ya ubavu au kwa altrasaundi. Maji haya yana hila yake, kwamba yanaweza kukauka yenyewe. Mgonjwa akapata nafuu, mzazi akashukuru, na shauri likasahaulika. Taarifa iliyochapishwa mwaka 1954 kuhusu wanajeshi wa Finland waliopata maji hayo wakati wa vita vya mwaka 1939 hadi 1945, kabla ya dawa za kisasa, ilionyesha kwamba asilimia 43 kati yao walipata kifua kikuu dhahiri ndani ya miaka saba. Kona butu katika kifua cha mvulana wa miaka 16 anayeonekana mzima basi haifai kupitwa kwa kuandika kwamba "aliwahi kuumwa kifua".

Iko pia ile hali ya madoa madogo sana, ya milimita moja hadi tatu, yaliyotapakaa kwa usawa katika mapafu yote mawili kama punje za mtama. Huonyesha kwamba bakteria wamesambaa kwa njia ya damu. Haihitaji maneno mengi: ni ya hatari, ya haraka, na mwenye nayo hana muda wa kungoja fomu.

Sasa niseme kuhusu upigaji wa picha, kwa sababu picha nyingi zinazogombaniwa kama "zina TB" au "hazina TB" zilikwisha kuharibika kabla hazijamfikia msomaji. Kilele cha pafu ni mahali padogo palipofunikwa na mtulinga, ubavu wa kwanza na misuli ya shingo, na hapo hapo ndipo ugonjwa wa kijana unapopenda kuanzia. Wiki ya kuripoti shule ndiyo pia wiki ambayo wasichana wengi wanafika hospitali bado wana nywele walizosukwa wakati wa likizo, kabla hawajanyoa kwa amri ya shule. Nywele ndefu za kusuka zikiangukia mabegani huacha michirizi myeupe juu ya kilele ambayo inafanana mno na ugonjwa, na shanga huacha madoa duara. Ni lazima nywele zikusanywe na kufungwa juu kabisa ya kichwa. Vifungo vya sare, mkufu, na vyuma vya sidiria huondolewa, na msichana apewe gauni la hospitali na mahali pa staha pa kubadilishia nguo, si kuambiwa asimame hivyo hivyo kwa kuwa foleni ni ndefu. Matiti yanayokua huweka kivuli sehemu za chini za mapafu, na kama upande mmoja umekandamizwa zaidi kuliko mwingine, kivuli hicho huonekana kama nimonia. Makombe ya mabega yasipovutwa mbele hufunika pembe za mapafu.

Picha ikishatoka, kabla ya kutafuta ugonjwa, inapasa ikaguliwe yenyewe. Ncha za ndani za mitulinga zilingane umbali kutoka uti wa mgongo, la sivyo mwili ulipinda na shina la pafu moja litaonekana kubwa kuliko la pili pasipo sababu. Juu ya kiwambo zihesabike mbavu za mbele tano au sita, kwani pumzi isiyovutwa vizuri huyabana mapafu na kuyafanya yaonekane yenye mawingu. Uti wa mgongo uonekane kwa mbali nyuma ya moyo. Kama kilele kimefichika kweli, ipo picha ya kumfanya mgonjwa aegemee nyuma ili mitulinga ipande juu ya mapafu. Ni ya dakika chache na haihitaji mashine nyingine. Siku hizi pia kuna desturi ya kuiweka filamu dirishani, kuipiga kwa simu na kuituma kwa WhatsApp ili daktari wa mbali aitazame. Naelewa shida inayoleta desturi hiyo, lakini doa la milimita mbili halivuki salama safari ya namna hiyo, na anayejibu "sioni kitu" kwa kutumia picha hiyo anasema kweli kabisa.

Hata picha iliyo bora haiwezi kuthibitisha kifua kikuu. Inaweza kumfanya mtu ashukiwe, inaweza kuonyesha ukubwa wa madhara, lakini bakteria hawaonekani kwa eksirei. Nimonia ya kawaida inaweza kukaa juu. Mwenye selimundu anaweza kuwa na mawingu mapya kifuani pamoja na homa na maumivu, na hiyo ni dharura ya aina nyingine. Kwa wafugaji wa Turkana na wa Ngorongoro, uvimbe wa duara wenye mipaka safi unaweza kuwa mfuko wa maji wa minyoo ya mbwa. Tezi kubwa za katikati ya kifua kwa kijana zinaweza kuwa saratani ya tezi za limfu. Vijana waliozaliwa na VVU wako katika hali ngumu kupita wote: baadhi yao wana ugonjwa sugu wa njia za hewa, unaoacha mirija iliyopanuka na makovu, nao wamekuwa wakipewa dawa za kifua kikuu tena na tena kwa sababu ya picha ambayo haibadiliki, na wakati huo huo, kinga inaposhuka sana, kifua kikuu cha kweli chaweza kuwapo huku picha ikionekana karibu safi, bila tundu hata moja.

Kwa hiyo kijana anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, au mwenye homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito, anatakiwa kupimwa makohozi hata kama picha yake imeandikwa "kawaida". Kijana balehe, tofauti na mtoto mdogo, anaweza kutoa makohozi akielekezwa vizuri, na mashine ya GeneXpert husoma vinasaba vya bakteria na kutambua pia usugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, ndani ya saa chache. Katika vituo vya umma nchini Tanzania kipimo hicho na dawa hutolewa bila malipo, ilhali picha mara nyingi hulipiwa na mzazi. Nimekuwa nikishangaa kwamba shule inamlazimisha mzazi kulipia kile kisichothibitisha, na haiulizi kabisa swali la bure la kama mtoto anakohoa au ameishi na mgonjwa.

Jambo lililonifanya niandike mwaka huu badala ya kuendelea kunung'unika na wastaafu wenzangu ni hili la urefu wa tiba. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kifua kikuu kwa watoto na vijana balehe, uliopendekeza kwamba mgonjwa wa umri wa miezi mitatu hadi miaka 16, mwenye ugonjwa usio mkali ambao haudhaniwi kuwa sugu kwa dawa, atibiwe kwa miezi minne badala ya sita. Msingi wake ulikuwa utafiti uliofanyika Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India kwa watoto 1,204. Miezi miwili iliyopunguzwa ni nafuu kubwa kwa mwanafunzi anayepaswa kumeza vidonge mbele ya matroni huku wenzake wakimtazama. Ila ugonjwa usio mkali una masharti, na kwa ugonjwa wa kifuani masharti hayo husomwa kwenye eksirei: tezi za kifuani zisizobana njia ya hewa, au maji ya kifuani yasiyo na matatizo mengine, au ugonjwa wa bakteria wachache usio na tundu, usiovuka kipande kimoja cha pafu, na usio na yale madoa ya punje za mtama.

Tazama sasa jinsi sharti hilo linavyokutana na yale niliyoeleza juu ya balehe. Watoto wengi katika utafiti ule walikuwa wadogo sana, nusu yao wakiwa na umri usiozidi miaka mitatu na nusu, ilhali kijana wa miaka 13 au 15 yuko katika umri ule ule ambao matundu huanza. Pafu la kulia lina vipande vitatu na la kushoto viwili; msomaji anayeandika "mawingu upande wa kulia" hajamwambia tabibu kama ni kipande kimoja au viwili. Akiandika "TB", hajamwambia kama kuna tundu. Tabibu aliyebaki na neno hilo moja ama atampa kila kijana miezi sita kwa tahadhari, nafuu ile isimfikie aliyestahili, ama atampa miezi minne mwenye tundu ambalo hakuna aliyelitaja, na hilo la pili ndilo linalonitia hofu. Kwa wenye miaka 12 na zaidi upo pia mseto mwingine wa miezi minne, wenye rifapentini na moksifloksasini, ambao ulijaribiwa hata kwa wagonjwa wenye matundu. Lakini hizo ni dawa tofauti, na hauwezi kuchanganywa na huu wa kwanza kwa kuwa tu miezi ni minne.

Wako watakaosema kwamba kompyuta itatuondolea kazi hii. Programu za kusoma eksirei zimefika, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali zitumike badala ya msomaji katika kuchuja watu, lakini kwa wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza mwenye miaka 13 hayumo katika pendekezo hilo. Namba ambayo programu inatoa ni ya kuamua nani apimwe makohozi. Haisemi kipande gani cha pafu kimeshikwa, wala haijui kama huyu alitibiwa miaka mitatu iliyopita akabaki na kovu.

Kovu hilo nalo limewaumiza wengi. Kijana aliyepona kabisa anaweza kubaki na michirizi, chembe za chokaa, hata tundu kavu, maisha yake yote, na picha moja haitoshi kusema kwa uhakika kama ugonjwa ni wa sasa au wa zamani. Kinachosaidia ni kulinganisha na picha ya awali: kisichobadilika kwa muda mrefu huelekea kuwa kovu. Lakini picha za awali ziko wapi? Filamu zimeozea darini, au zilibaki katika kompyuta ya hospitali ambayo haikumpa mzazi nakala. Basi kila anapohama shule kijana huyo huonekana mgonjwa upya, hurudishwa nyumbani, na nimeona wazazi wakiombwa barua kutoka kwa mratibu wa kifua kikuu wa wilaya kuthibitisha uponyaji uliokwisha kuthibitishwa zamani.

Kwa upande wangu sioni faida kubwa ya kumpiga picha kila mwanafunzi mzima asiye na dalili wala historia ya kuishi na mgonjwa. Si kwa kuogopa mionzi, kwani picha moja ya mbele ya kifua hutoa takriban milisivati 0.02, wakati mtu wa kawaida duniani hupata wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka kutokana na ardhi, anga, hewa na chakula tu. Historia yenyewe inafundisha. Baada ya Manuel de Abreu wa Brazil kubuni picha ndogo za bei nafuu mwaka 1936, nchi nyingi zilizipiga kwa mamilioni, na kufikia mwaka 1974 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilishauri kampeni za kupiga picha watu wote bila kuchagua ziachwe. Eksirei imerudi kwa heshima baada ya tafiti za kitaifa, ikiwamo ile ya Kenya, kuonyesha kwamba inawaibua wagonjwa wengi ambao swali la kikohozi peke yake lingewapita, lakini sasa inaelekezwa mahali ambapo ugonjwa ni mwingi: kwa waliokaa nyumba moja na mgonjwa, kwa wenye VVU, kwenye migodi na magereza. Bweni ambamo mwanafunzi mmoja amegunduliwa na tundu ni mahali pa namna hiyo. Hapo wote waliolala naye chumba kimoja wanapaswa kuulizwa, kupigwa picha na kupimwa, na wasio na ugonjwa waangaliwe kama wanastahili dawa za kinga.

Naye mwanafunzi mgonjwa hastahili kufukuzwa. Kwa kawaida baada ya wiki mbili hivi za dawa sahihi, na kama hana ugonjwa sugu kwa dawa, uwezo wake wa kuambukiza huwa umeshuka sana, na mganga anaweza kumruhusu arudi darasani. Shule inayomtoa moja kwa moja huwafundisha waliobaki kuficha kikohozi.

Ninachoziomba Wizara ya Afya, Wizara ya Elimu na Ofisi ya Rais TAMISEMI ni fomu hiyo ibadilishwe. Mahali pa tiki pawekwe maswali machache ya dalili na ya kuishi na mgonjwa, yajibiwe kabla ya mtoto kupelekwa chumba cha eksirei. Kwa atakayepigwa picha, msomaji alazimike kuandika ikiwa picha ilifaa kusomwa, kama kuna tundu, vipande vingapi vya pafu vimeshikwa na vya upande gani, kama tezi zimevimba na zinabana njia ya hewa, kama kuna maji, na kama pana picha ya zamani aliyoilinganisha. Na pale anaposhuku chochote, jibu la makohozi liambatishwe kabla ya mhuri. Nakala ya picha yenyewe akabidhiwe mzazi aitunze, kwa kuwa ndiyo itakayotumika kulinganisha miaka inayofuata.

Wako,

Mteknolojia wa mionzi mstaafu,
Arusha